Mashine hutafuta usiku, mhandisi huamua asubuhi

Katika jiji la Reykjavik, nchini Iceland, kipo kituo cha utengamao kiitwacho Janus. Wataalamu wake hutumia programu moja kupanga na kufuatilia huduma za wateja wao. Mchana programu hiyo hufanya kazi kama nyingine yoyote. Jioni, mtumiaji wa mwisho akishatoka, huanza kujichunguza. Hupitia kumbukumbu za siku, huokota kila mahali ilipokwama, hutunga majaribio kutokana na yale watumiaji waliyoyafanya, kisha hujaribu kubadili msimbo wake yenyewe, mstari huku na mstari kule, ikisaka badiliko litakaloondoa kasoro bila kuharibu kingine. Asubuhi msanidi hukuta mapendekezo yanamsubiri, naye ndiye anayeamua lipi lipite. Ripoti ya mwaka 2017 ilieleza kwamba ndani ya miezi 6 na zaidi ya majaribio, mfumo huo ulikuwa umegundua na kurekebisha kasoro 22.

Mbinu iliyo nyuma ya kisa hiki huitwa uhandisi wa programu unaotegemea utafutaji. Jina hilo lilitolewa mwaka 2001 na Mark Harman na Bryan Jones, ingawa wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1976 Webb Miller na David Spooner walikwisha kuonyesha kwamba data za kujaribia programu za hesabu zinaweza kusakwa na kompyuta hatua kwa hatua, badala ya mtu kukaa na kukokotoa milinganyo. Tunazungumzia basi jambo lenye umri wa karibu nusu karne, lenye kongamano lake la kimataifa tangu 2009 na makala za kitaaluma zisizohesabika. Hata hivyo ukiwauliza wasanidi wa kawaida kama wanaitumia, wengi watakuambia hawajawahi kuisikia.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba wahandisi ni wagumu kubadilika, au kwamba algoriti zenyewe, yaani taratibu za hatua kwa hatua ambazo kompyuta huzifuata, bado ni changa. Mimi sikubaliani na yote mawili. Ukitazama mahali mbinu hii ilipopokelewa na mahali ilipokataliwa, unaona tofauti moja inayojirudia: inapokelewa pale ambapo kulihakiki jibu la mashine ni kazi nyepesi. Pale ambapo kulihakiki jibu kunachosha sawa na kulitafuta mwenyewe, hata algoriti bora kabisa huachwa kabatini.

Utafutaji wenyewe ukoje

Maswali mengi ya uhandisi wa programu ni maswali ya kuchagua. Chukua timu yenye maombi 50 ya vipengele vipya, na bajeti isiyotosha kuvijenga vyote katika toleo lijalo. Kila kipengele kinaingia au kinabaki nje, kwa hiyo michanganyiko inayowezekana ni 2 kwa kipeo cha 50, yaani zaidi ya trilioni 1,125. Hakuna kikao kitakachoipitia yote. Ndivyo ilivyo pia kwa kuchagua mpangilio wa kuendesha majaribio, mipangilio ya kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), au namna ya kugawa mfumo mkubwa katika moduli.

Mashine inaweza kulishughulikia swali la namna hiyo ikipewa vitu viwili: namna ya kuandika jibu moja ili liweze kubadilishwabadilishwa, na kipimo cha ubora kinachosema jibu hili ni zuri kiasi gani kuliko lile. Baada ya hapo algoriti yoyote ya utafutaji inaweza kuanza. Iliyo maarufu zaidi ni algoriti ya kijenetiki, ambayo John Holland aliieleza kwa kina mwaka 1975. Unaanza na kundi la majibu ya kubahatisha, unayapima, unayaacha mazuri yazaane kwa kuchanganya vipande vyao, unatia mabadiliko madogo ya bahati nasibu, unapima tena, na kuendelea hivyo kizazi baada ya kizazi.

Kila kitu hapo kinategemea kipimo. Tuseme ndani ya programu kuna tawi linalofunguka tu pale namba x inapokuwa 4821. Namba kamili ya biti 32 ina thamani zaidi ya bilioni 4, kwa hiyo kuipata kwa kubahatisha ni sawa na kutopata. Lakini ukimwambia mtafutaji kwamba ubora ni umbali kati ya x na 4821, mambo yanageuka: 9000 ni bora kuliko 90000, na 5000 ni bora kuliko 9000. Sasa anao mteremko wa kuufuata na anafika baada ya hatua chache. Kisha msanidi mwingine anakuja na kuuficha ulinganisho huo ndani ya kigezo cha ndiyo au hapana, na mteremko wote unatoweka. 5000 ni hapana, 4822 ni hapana, milioni moja ni hapana. Mtafutaji amesimama kwenye uwanda tambarare asijue aelekee wapi. Hilo ni tatizo halisi ambalo watafiti wamelihangaikia kwa miaka, na linaonyesha kitu muhimu: kazi ngumu ilikuwa kueleza unachotaka kwa namna inayopimika hatua kwa hatua. Kutafuta kwenyewe kulikuwa sehemu rahisi.

Mbinu iliyoenea bila jina lake

Mfano mkubwa kuliko yote wa wahandisi kuikubali mbinu hii hautajwi sana katika mijadala ya uhandisi unaotegemea utafutaji, kwa sababu walioupokea hawakuuita hivyo. Mwaka 2013 Michał Zalewski alitoa zana iitwayo AFL, ya kuzishambulia programu kwa data zilizoharibiwa makusudi ili kuona zitaangukia wapi. Kazi hiyo ya kurusha data za ovyo, yaani fazingi, ilikuwapo tangu zamani. Jipya lilikuwa kwamba AFL hutazama data iliyorushwa imepita katika matawi gani ya msimbo. Data iliyofungua njia mpya huhifadhiwa, hubadilishwa biti kadhaa, huchanganywa na nyingine na kurushwa tena. Isiyoleta jipya hutupwa. Msomaji atakuwa ameshatambua: hapa kuna kundi, kuna uteuzi, kuna mabadiliko. Maelezo ya zana yenyewe yaliitaja algoriti ya kijenetiki waziwazi.

Zalewski alifanya jaribio lililowashangaza wengi. Aliipa AFL programu ya kufungua picha za JPEG, na kama mbegu akaipa faili lenye neno moja tu la salamu, ambalo halikuwa picha hata kidogo. Zana iliachwa iendelee, na hatua kwa hatua ikaunda yenyewe mafaili halali ya picha, bila mtu kuieleza muundo wa JPEG ukoje. Sidhani kuna somo la darasani linaloonyesha nguvu ya utafutaji wenye kipimo kizuri kuliko hilo.

Mwaka 2014 kasoro ya Heartbleed ilifichuka ndani ya OpenSSL, maktaba ya usalama iliyokuwa inatumiwa na sehemu kubwa ya intaneti. Kutokana na mshtuko huo, mwaka 2016 Google ilianzisha huduma ya OSS-Fuzz, inayoendesha fazingi ya aina hii bila kukoma kwa miradi huria. Kufikia 2023 huduma hiyo ilikuwa imesaidia kupata udhaifu wa kiusalama zaidi ya 10,000 na kasoro nyingine 36,000 katika miradi 1,000.

Kwa nini ilipokewa hivyo? Mwenye macho haambiwi tazama. Zana inakukabidhi faili moja na kukuambia: ukiifungua hii, programu yako inaanguka. Unaifungua, inaanguka kweli. Huhitaji kujua lolote kuhusu vizazi na uteuzi, wala huhitaji kuiamini mashine. Na tangu mwanzo AFL ilitengenezwa ili mtu aianzishe bila kurekebisha vigezo kadhaa kwanza.

Linganisha na majaribio ya vipande

Sasa geuka upande wa pili. Mwaka 2011 Gordon Fraser na Andrea Arcuri walitoa EvoSuite, zana inayotumia algoriti ya kijenetiki kuandika majaribio ya vipande vya programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java. Ni kazi ya kiufundi ya hali ya juu. Inakipa kipande kimoja cha programu ya Java majaribio yanayopita katika matawi mengi kuliko ambayo binadamu mwenye haraka angeyafikia.

Mwaka 2013 waundaji wake pamoja na wenzao walichapisha utafiti uliohusisha washiriki 49, na matokeo waliyaeleza kwa uaminifu wa kupigiwa mfano. Waliotumia zana walifunika sehemu kubwa zaidi ya msimbo, yaani majaribio yao yalipita katika mistari mingi zaidi, wakati mwingine kwa tofauti kubwa sana. Lakini idadi ya kasoro walizogundua haikuongezeka kwa kiasi kinachopimika.

Ukikaa na tokeo hilo unaelewa mengi. EvoSuite inapotunga jaribio, inaendesha msimbo na kuandika kilichotokea: njia hii ikipewa hivi, inarudisha 17. Je, 17 ndilo jibu sahihi? Mashine haijui. Inajua tu kwamba ndilo jibu la leo. Ikiwa msimbo una kasoro, jaribio linaihalalisha kasoro hiyo. Kuamua kama 17 ni sahihi kunamtaka mhandisi asome jaribio, akumbuke kanuni za biashara, afuate mantiki mstari kwa mstari. Na jaribio lenyewe limepewa jina kama test0, limejaa maneno ya ovyo yaliyozaliwa na bahati nasibu, wala halisimulii kisa chochote. Mhandisi anatazama majaribio 80 ya namna hiyo na kuhesabu saa zitakazopotea. Akiyafuta yote, mimi simlaumu.

Zana hiyohiyo inang'ara palipo na njia ya mkato ya kuhakiki. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti juu ya programu ya kukokotoa mafao katika kampuni moja ya bima ya maisha na pensheni. Kwa kasoro halisi 25 zilizowahi kutokea humo, EvoSuite iliweza kugundua hadi asilimia 56.40, na mshindani wake Randoop, inayobahatisha bila kuongozwa na kipimo, asilimia 38. Hapo majaribio yalitungwa kutokana na toleo lililo sahihi na kutumika kubaini toleo lenye hitilafu. Swali halikuwa tena "je, 17 ni sahihi?" bali "jana ilikuwa 17, kwa nini leo ni 19?" Swali la pili lina jibu la haraka.

Mashine hufanya ulichoandika

Ukarabati wa kasoro unaofanywa na mashine yenyewe ndio uliotufundisha kwa uchungu zaidi. GenProg, iliyotangazwa mwaka 2009, hubadilisha msimbo wenye kasoro kwa kunakili, kufuta na kuhamisha mistari hadi majaribio yote yapite. Mwaka 2012 waundaji wake waliripoti kwamba imerekebisha kasoro 55 kati ya 105, kwa gharama ya kompyuta isiyofika dola 8 kwa kila moja. Habari hiyo ilivuma sana. Mwaka 2015 kundi lingine la watafiti likayapitia marekebisho hayo upya, na likakuta kwamba ni kasoro 2 tu zilizorekebishwa kwa usahihi. Mengi ya yaliyosalia yalikuwa sawa na kufuta sehemu ya kazi ya programu: ukiondoa msimbo unaoanguka, hakuna cha kuanguka, na majaribio yanapita.

Kuna wanaokisimulia kisa hiki kama aibu ya mbinu. Nadhani wanakosea. Utafutaji ulitimiza kikamilifu ulichoagizwa, na agizo lilikuwa "majaribio yapite", kwa sababu hakuna aliyejua kuandika "programu ifanye inachotakiwa" kama namba. Yeyote anayetaka kuitumia mbinu hii kazini aanze kwa kulifahamu hilo, maana kila mwanya kwenye kipimo utapatikana. Ndiyo sababu mfumo wa Reykjavik ulimwachia msanidi uamuzi wa mwisho, na ndiyo sababu SapFix, zana ya ukarabati ambayo Facebook iliitangaza mwaka 2018, ilipeleka marekebisho yake kwa mhandisi wa kuyaidhinisha kabla ya kuingia.

Wakati wa kulisema jambo

Facebook hiyohiyo ndiyo iliyotoa mfano bora wa zana ya utafiti kuhamia kazini. Sapienz ilizaliwa katika chuo kikuu cha UCL, London, na kuchapishwa mwaka 2016. Huzijaribu programu za Android kwa kubonyeza na kutelezesha kama mtumiaji, ikifuatilia malengo matatu kwa pamoja: kufunika msimbo mwingi, kuangusha programu mara nyingi, na kutumia mfululizo mfupi wa hatua. Lengo la tatu ndilo nalipenda zaidi. Mfululizo wa hatua 5 unaoiangusha programu, msanidi ataurudia mwenyewe kwenye simu yake. Wa hatua 500 hatausoma. Ufupi uliwekwa ndani ya kipimo kwa ajili ya binadamu atakayepokea jibu.

Waundaji wake walihamia Facebook mwaka 2017, na mwaka uliofuata waliripoti kwamba takriban robo tatu ya ripoti za Sapienz ziliishia kurekebishwa. Kwa zana ya kujiendesha hicho ni kiwango cha kuheshimika sana.

Sehemu ya siri ilikuwa mahali na saa. Kampuni hiyo ilikuwa imeshajifunza kutoka kwa Infer, zana yake ya kuchambua msimbo, ambayo haitumii utafutaji wa kijenetiki lakini ilikabili tatizo lilelile. Ripoti za Infer zilipokusanywa na kugawiwa wasanidi kama orodha ya kasoro za kushughulikia, karibu hakuna aliyerekebisha chochote. Ripoti za aina hiyohiyo zilipoanza kutokea wakati msanidi anawasilisha badiliko lake likaguliwe, zaidi ya asilimia 70 zilirekebishwa. Zana haikuongezwa akili. Kilichobadilika ni kwamba msanidi alikuwa bado amelishika jambo kichwani, hivyo kuhakiki kulimchukua dakika chache. Wiki tatu baadaye angelazimika kujifunza upya msimbo wake mwenyewe.

Kuhusu mbinu hizi kubahatisha ndani yake niseme kwa ufupi. Ukiziendesha mara mbili unaweza kupata majibu mawili. Watafiti huziendesha mara 30 au hata 1,000 kabla ya kusema lolote, ilhali mhandisi huendesha mara moja, usiku mmoja, na akipata jibu tofauti kesho yake anaanza kuitilia shaka zana nzima. Kuhifadhi mbegu ya bahati nasibu, yaani namba inayoanzisha kubahatisha huko, pamoja na kila jibu ni jambo dogo, lakini bila hilo hakuna atakayeweza kulirudia alilolipata.

Kasi, na msimbo unaosomeka

Katika kuharakisha programu, kuhakiki ni rahisi kwa nusu moja tu. Kwamba programu imekuwa nyepesi, saa inaonyesha. Kwamba bado ni sahihi, ni suala jingine. William Langdon na Mark Harman waliichukua Bowtie2, programu ya kulinganisha vipande vya DNA yenye mistari 50,000 ya C++, na kwa kuibadilisha kijenetiki wakapata toleo lenye kasi mara 70 katika kazi mahsusi waliyoilenga. Ni tokeo la kustaajabisha. Lakini mtunzaji wa programu ya watu wengi hujiuliza: kesho data zikibadilika, nani ataeleza mstari huu upo hapa kwa nini? Hakuna anayekubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia, hata akiambiwa mbuzi huyo anakimbia sana.

Mei 2025 Google ilitangaza AlphaEvolve, ambayo huunganisha utafutaji wa kimageuzi na modeli kubwa za lugha: badala ya kubadili msimbo ovyoovyo, modeli ndiyo inayopendekeza badiliko, na kipimo ndicho kinachochuja. Mojawapo ya majibu yake, kanuni ya kupanga kazi kwenye vituo vya data, iliokoa kwa wastani asilimia 0.7 ya uwezo wa kompyuta wa Google duniani kote. Katika kueleza kwa nini kanuni hiyo ilikubaliwa kutumika, kampuni ilitaja waziwazi kwamba ni msimbo ambao binadamu anaweza kuusoma, kuuelewa na kuusaka kasoro.

Pale ambapo sitarajii mbinu hii ishike ni kwenye lile swali la vipengele 50 nililoanza nalo. Tatizo hilo lilipewa umbo la kihisabati mwaka 2001, na algoriti zake ni nzuri. Lakini thamani ya kila kipengele na gharama yake ni makadirio ya watu, mara nyingi ya watu wanaovutana. Meneja akiletewa orodha bora kabisa iliyojengwa juu ya namba alizozikisia mwenyewe, hana pa kuihakiki. Kinachoweza kumsaidia ni algoriti za malengo mengi, kama NSGA-II ya mwaka 2002, zinazomwonyesha mfululizo mzima wa machaguo: ukiongeza gharama kiasi hiki unapata thamani kiasi hiki, na kuanzia hapa kila kinachoongezwa hakikulipi. Huo unaweza kuwekwa mezani ukajadiliwa. Orodha moja ya mwisho, hapana.

Kwa timu inayotaka kuanza, pa kuanzia ni sehemu ya programu inayopokea data kutoka nje, kama kisomaji cha mafaili au cha ujumbe wa mtandaoni. Ipe fazingi mafaili machache madogo yaliyo halali kama mbegu, na washa vikaguzi vya kumbukumbu vya kompaila ili makosa ya kimyakimya nayo yaiangushe programu. Weka kikomo cha muda, usiku mmoja unatosha. Asubuhi usianze kuhesabu matawi yaliyofunikwa. Chukua faili la kwanza lililoangusha programu, lipunguze hadi libaki fupi kabisa, na umpelekee aliyeandika sehemu hiyo wiki hiihii.